Mvua ikikata mechi ya besiboli: jinsi ya kujua kama ubaki au uondoke

Kama uko Marekani na washkaji wa kazini washakupeleka uwanja wa besiboli, au uko Dar au Nairobi unafuatilia kwenye simu usiku wa manane, hii hali unaijua. Mechi imekolea, mvua inashuka, watu kama ishirini wanatoka mbio na turubai kubwa kinoma, wanafunika katikati ya uwanja, wachezaji wanapotea na skrini inabaki inakuonyesha turubai tu. Tangazo la maana hakuna. Hujui kama ni dakika ishirini, masaa matatu, au ndo imeisha hivyo.

Wengi hapo wanafungua rada ya mvua kwenye simu afu wanaanza kubishana. Rada inasaidia lakini inakupa nusu tu ya habari, maana mvua kukatika ni jambo moja na uwanja kuchezeka ni jambo lingine kabisa. Nusu iliyobaki iko mbele ya macho yako, kwa wale jamaa wa turubai, kwa marefa na kwa warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira), na ukijua cha kuangalia utajua kinachokuja kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Mimi nimefanya kibarua cha msimu cha kuvuta turubai kwenye timu moja ndogo huku Ohio, kwahiyo naongea na vitu nilivyovishika kwa mikono.

Kwanza jua nani mwenye neno la mwisho

Kabla mechi haijaanza, wa kuamua ni timu mwenyeji (mwishoni mwa msimu ligi yenyewe inaingilia, ila kwa siku za kawaida ni mwenyeji). Pale makocha wanapokutana na marefa kwenye hom (kituo anaposimama mpigaji) na kukabidhi karatasi za majina ya wachezaji, mamlaka yanahama, kuanzia hapo ni refa mkuu peke yake, na mwenyeji hata alie vipi haisaidii.

Hii tofauti ina maana kubwa kwako uliyenunua tiketi. Mwenyeji ana hesabu zake, kuna pesa ya bia na chakula, kuna maegesho, kuna mrushaji wake wa kutegemewa ambaye leo ndo zamu yake na anarusha mara moja kila baada ya siku nne au tano. Hataki kumpasha moto huyo jamaa, arushe dakika kumi, mvua ije, mkono upoe na siku yake iwe imechomeka bure. Ndo maana utaona jua linawaka, anga safi, halafu wanatangaza mechi imechelewa, na watu wanalalamika kweli kweli mbona hakuna mvua. Mvua ipo, iko kwenye rada na inafika baada ya nusu saa, wameamua bora waingoje ipite ndo waanze. Ukiona hivyo usiondoke, hiyo mara nyingi ni dalili nzuri, maana yake wana mpango wa kucheza.

Mechi ikishaanza sasa, sheria inasema refa akisimamisha mchezo asiivunje mechi mpaka zipite angalau dakika 30, na akiona kuna matumaini anaweza kuendelea kungoja kadri anavyotaka. Kwenye MLB, ligi kubwa ya besiboli ya Marekani, wanangoja zaidi ya hapo, saa moja, mbili, na zaidi. Agosti 1990 pale Chicago, White Sox na Texas Rangers walingoja masaa 7 na dakika 23, na mwisho wa yote mechi ikaahirishwa. Fikiria wale waliobaki mpaka mwisho na watoto wao.

Huko ndani marefa wana chumba chao. Wanavua viatu vilivyolowa, wanakula kitu, na refa mkuu anawasiliana na watu wa timu zote mbili na hasa na msimamizi wa uwanja, yule mkuu wa watu wa nyasi na udongo. Kwa maoni yangu huyu ndo mtu wa kumfuatilia kuliko wote, maana swali analouliza refa ni moja tu, mvua ikikata sasa hivi unahitaji muda gani, na jibu analo huyu peke yake.

Turubai lenyewe, na jinsi linavyovutwa

Turubai la uwanja wa ligi kubwa lina karibu mita 52 kila upande. Likiwa kavu linazidi nusu tani, likilowa sitaki hata kukumbuka. Linakaa limeviringishwa kwenye bomba kubwa la chuma kando ya ukuta. Kundi moja linasukuma bomba mpaka ukingoni mwa sehemu ya udongo, linaviringishwa kufunguka, halafu mnashika ukingo wa mbele na kukimbia nao.

Kama na wewe umepata hicho kibarua, au timu yenu ya mtaani ina turubai na mnajitolea, sikiliza. Kitu cha kuogopa ni upepo. Vuta upepo ukiwa mgongoni kwako, usivute ukiwa unakupiga usoni, na mikono ikae chini, karibu na magoti, hata kama mgongo unalia. Ukinyanyua ukingo juu ya kiuno upepo unaingia chini na turubai linajaa kama tanga la jahazi, na hapo watu ishirini hamna kitu, linawabeba. Usizungushe kamba au kishikio kwenye kiganja hata siku moja. Likinyanyuka, achia. Sio kazi yako kulishinda, achia tu, mtalikamata tena likishuka. Zile video za kuchekesha za mfanyakazi aliyemezwa na turubai, ukiangalia vizuri ni mtu aliyekuwa mbele yake akateleza, wenzake wakaendelea kukimbia kwasababu hawamuoni. Kwahiyo kaa nyuma ya ukingo, sio mbele yake, na viatu viwe vya soli ya kawaida, vile vya meno ya chuma vinatoboa.

Likishatanda kuna kazi ya pili ambayo watu hawaioni: viroba vya mchanga au vyuma vinapangwa pembeni kulizuia, na watu wengine wanatembea juu yake kutoa hewa iliyobaki chini. Msimamizi wetu alikuwa mzee mmoja asiyeongea sana, ila ukiacha kona bila kiroba sauti yake inafika mpaka kwenye maegesho.

Na usidhani kukabidhi kazi kwa mashine ni salama zaidi. Oktoba 13, 1985 pale St. Louis, manyunyu yalianza wakati timu zinajiandaa kwa mechi ya mtoano, wakawasha turubai la mashine, likampitia Vince Coleman, mchezaji wa St. Louis Cardinals, mguuni. Huyu kijana alikuwa ameiba besi 110 msimu ule (yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa), ukiwa wake wa kwanza kwenye ligi kubwa. Hakucheza tena mwaka huo, na Cardinals wakaenda kupoteza fainali, ambayo ni mfululizo wa mechi mpaka 7, kwa Kansas City kwenye mechi ya 7.

Mbona hawafuniki uwanja wote?

Swali hili naulizwa kila mara. Nyasi za nje zimepandwa juu ya mchanga wenye mabomba ya kutoa maji chini yake, mvua kubwa ikipita zinakunywa maji haraka. Shida iko kwenye ule udongo wa ndani ambao ni mchanganyiko wa mchanga, matope laini na mfinyanzi, na hasa pale kwenye kilima cha mrushaji na hom ambapo mfinyanzi ni mwingi. Mfinyanzi ukilowa hauchuji maji, unanata, unateleza, mtu anakimbia kwa kasi anapinda besi ya kwanza goti linaenda kwake. Ndo maana hata pale manyunyu yakiwa madogo utaona wanatoa vile vifuniko vidogo vya mviringo kwanza, wanafunika kilima na hom, la kubwa wanaliacha bado.

Kuna kitu kingine, turubai lenyewe linaua nyasi. Jua likitoka kali likiwa bado limelala, joto linajaa chini na nyasi zinaungua, zinageuka manjano. Msimamizi kila dakika anapima: nikifunua mapema udongo utalowa, nikichelewa nyasi zangu zitakufa. Kwa hiyo ukiona wanafunua huku kuna matone bado, sio wazembe.

Sasa soma dalili

Kabla mvua haijafika. Angalia jamaa wa turubai wanakaa wapi. Wakati wa kawaida wametawanyika, mmoja ana reki, mwingine yuko anapiga stori. Wakianza kusogea wote karibu na lile bomba, wameegemea, msimamizi ana simu mkononi na anaangalia upande mmoja wa anga, una kama dakika kumi mpaka robo saa. Hapo hapo inuka, nenda chooni, nunua chakula. Ukisubiri turubai lianze kuvutwa utakuta watu elfu ishirini wamepata wazo hilo hilo kwa pamoja, na foleni ya soseji utaijutia.

Mvua ikiwa inanyesha. Angalia mrushaji aliyekuwa kazini. Mkono ukipoa ni shida, na kocha wengi hawamrudishi mtu aliyekaa karibu saa moja. Wengine wanaenda kurusha taratibu kwenye vyumba vya mazoezi vya ndani, kila baada ya muda fulani, ili mwili udhani mechi inaendelea. Ukisikia mtangazaji anasema jamaa ameshaonekana na nguo za kawaida na barafu begani, basi hata mechi ikirudi yeye harudi, na kama ulikuja kwa ajili yake, fanya uamuzi wako.

Viroba vikiongezwa, kaa mkao wa kula, bado sana. Marefa wakitoka na miavuli na kuanza kukanyaga nyasi za nje kwa kisigino, wanaangalia maji yanaruka au hayaruki, habari iko karibu, nzuri au mbaya.

Turubai likianza kukunjwa. Hii ndo dalili kubwa. Kwanza wanamwaga maji yaliyojaa juu, kundi linashika ukingo mmoja na kukimbia nao, ule mzigo wa maji unakimbilia nyasi za nje kwa kishindo, pale watu majukwaani huwa wanashangilia kuliko bao. Halafu linakunjwa, linaviringishwa kwenye bomba. Kuanzia hapo hesabu nusu saa hivi mpaka mpira wa kwanza, kwasababu warushaji lazima wapashe mwili moto na uwanja utengenezwe. Wanasukuma maji kwa vifagio vya mpira, wananyonya madimbwi kwa pampu na sponji, na wanamwaga vile vipunje vya mfinyanzi uliochomwa vinavyokunywa maji, magunia kwa magunia. Ukiona magunia mengi yanaendelea kuja pale pale karibu na besi moja, ujue kuna mahali turubai lilivuja au lilichelewa, ongeza dakika. Mwisho kabisa wanachora mistari ya chaki, na hapo rudi kwenye kiti chako.

Wachezaji wanafanya nini huko ndani

Tuwe wakweli, mara nyingi hamna cha ajabu. Wanacheza karata, wanakula, wapo kwenye simu, wapigaji wanaenda kwenye vizimba vya ndani kupiga mipira kadhaa, wengine wanalala kabisa. Zamani walikuwa na vituko, Rick Dempsey, yule mdakaji (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) wa Baltimore Orioles, alikuwa anajaza mito tumboni kumuigiza Babe Ruth, gwiji wa zamani, anakimbia besi zote kwenye turubai lililolowa na kujirusha kwa tumbo mpaka hom, uwanja mzima hoi. Siku hizi mikataba ni ya mamilioni, mtu akijaribu hivyo meneja anapata presha.

Ila kuna mara moja chumba cha ndani kilizaa kitu. Fainali ya 2016, mechi ya 7 Cleveland, Chicago Cubs hawajabeba ubingwa tangu 1908, walikuwa wanaongoza, Rajai Davis wa Cleveland akapiga hom-ran (pigo linalotoka nje ya uwanja) kwenye iningi ya 8, ikawa 6 kwa 6 (iningi ni raundi, kila timu inapiga kwa zamu, na mechi ya kawaida ina 9). Iningi 9 zikaisha, mvua ikashuka. Cubs wanatembea kuelekea ndani vichwa chini, Jason Heyward ambaye msimu wake ulikuwa mbovu wa kupiga akawaita wote kwenye chumba kidogo cha vyuma vya mazoezi, akaongea nao. Mapumziko yalikuwa dakika 17 tu. Wakatoka, wakafunga mbili iningi ya 10, wakashinda 8 kwa 7. Cleveland mpaka leo wanailaani ile mvua, na mimi ninayeishi nao kwenye jimbo moja naomba msiniulize niko upande gani.

Ikivunjwa, matokeo na tiketi yako inakuwaje

Hapa ndo watu wanachanganya. Mechi inahesabika rasmi ikimaliza iningi 5, au 4 na nusu kama mwenyeji anaongoza. Ikivunjwa baada ya hapo na kuna anayeongoza, kashinda, kwisha. Ndo maana ikifika iningi ya 4 na wingu limetanda utaona maigizo: anayeongoza anaharakisha kila kitu, anayepoteza anafunga kamba za viatu mara tatu, kocha anaenda kuongea na mrushaji wake kuhusu sijui nini.

Kabla ya hizo iningi 5, zamani ilikuwa inafutwa yote na kuanza upya siku nyingine. MLB walibadilisha 2020, sasa inasimamishwa na kuja kuendelea pale pale ilipoishia. Na hili lilileta kioja Boston. Juni 26, 2024, Danny Jansen wa Toronto Blue Jays alikuwa anapiga kwenye iningi ya 2, ana straiki moja (kosa moja kati ya matatu ya kumtoa), mvua ikakata mechi. Mwezi wa saba akauzwa kwa Boston Red Sox, timu ile ile waliyokuwa wanacheza nayo. Agosti 26 mechi ikaendelea, Toronto wakaweka mpigaji mwingine amalizie zamu yake, na aliyechuchumaa nyuma kudaka mipira ya zamu hiyo ni Jansen mwenyewe, safari hii na jezi ya Boston. Mchezaji wa kwanza kwenye historia ya MLB kuchezea timu zote mbili kwenye mechi moja.

Mtoano ni habari nyingine, huko mechi lazima ichezwe mpaka mwisho hata kama ni siku mbili. Iliwakuta Philadelphia 2008, mechi ya 5 ya fainali na Tampa Bay ilikatwa Oktoba 27 ikiwa 2 kwa 2 katikati ya iningi ya 6, ikaja kumaliziwa tarehe 29, Phillies wakashinda 4 kwa 3 na kombe juu.

Tiketi sasa. Kama mechi haikufika rasmi, kwa kawaida tiketi inabadilishwa kwa siku nyingine au inatumika siku mechi inaporudiwa, ila kila timu ina masharti yake, soma kwenye programu ya tiketi kabla hujaondoka nyumbani. Ikishakuwa rasmi, mara nyingi umekula hasara, hata kama masaa mawili umekaa chini ya ngazi na koti la mvua la dola kumi. Kwahiyo iningi ya 3 na mvua kubwa inakuja, usiwe na haraka ya kubaki wala kuondoka, huna cha kupoteza sana. Iningi ya 7 na timu yako iko nyuma kwa sita, nenda kapande treni kabla ya wenzako.

Cheki na ratiba. Kama timu ngeni inabaki mjini kesho, refa na timu hawana haja ya kuteseka, kesho wanacheza mechi mbili. Kama leo ndo siku yao ya mwisho kuja mji huo msimu huu, andaa blanketi, watangoja sana. Radi ikianza kupiga hiyo haina mjadala, toka kwenye viti vya wazi uingie chini ya jukwaa, usingoje kuambiwa mara ya pili.

Kama mvua unaichukia kabisa, chagua viwanja vyenye paa la kufunga, Toronto, Milwaukee, Houston, Seattle, Phoenix, Miami, Arlington.

Na kwa nyie mnaofuatilia kutoka nyumbani Afrika Mashariki: wakati wa kiangazi chao, mechi ya saa moja jioni New York kwenu ni saa nane usiku. Mvua ikikata mechi kwenye iningi ya 5 tayari ni kama saa tisa na nusu. Usikae unaangalia turubai, televisheni itakuwekea marudio ya mechi ya juzi na utajikuta unaangalia saa nzima. Weka alamu ya dakika arobaini na tano, ukiamka fungua picha ya uwanja, kama bomba la turubai bado liko tupu pembeni na viroba viko palepale, lala mpaka kazini.